Eti pombe ikifika kichwani inageuka unga? Jibu kwa mdogo wangu wa Deep Sea

Kuna mdogo wangu mmoja wa hapa hapa Tanga kaniletea swali refu, nimelipunguza kidogo na kutoa vya kumtambulisha ila maneno ni yake:

"Shikamoo dokta. Mimi napiga kazi Deep Sea, nabeba samaki na barafu, nina miaka thelathini na kitu. Nilianza na mnazi nikiwa kijana alafu nikaingia kwenye bia. Zamani bia mbili tu nasikia stimu nacheka na watu, siku hizi napiga hata sita na pombe kali juu yake na ile raha siioni, nasikia tu nimepoa. Lakini nikitoka kazini na baiskeli nikifika ile minazi tunapokunywaga mate yanajaa mdomoni na usukani unakata kona wenyewe. Kuna jamaa katoka soba hausi anasema pombe ikifika kwenye ubongo inageuka kitu kama unga ndo maana mtu hachomoki. Ni kweli? Alafu Ramadhani huwa naacha kabisa mwezi mzima, sasa mbona Iddi mosi nakunywa kuliko mwanzo? Na nikiacha moja kwa moja ile raha itarudi?"

Marahaba mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza waziwazi, maana huku kwetu pwani hili jambo watu wanalifunika sana, mtu anaona aibu kwa sababu ya dini, kwa sababu ya wakwe, kwa sababu ya mzee wake, mwisho tunaonana siku ameletwa kabebwa. Jibu fupi kwanza. Jamaa yako hajakudanganya ila kashika kipande cha habari ya zamani. Pombe haigeuki unga, yaani heroini. Lakini inawasha vipokezi vile vile (milango midogo kwenye seli za ubongo) ambavyo unga unaviwasha, na ikivunjwavunjwa mle ndani ya ubongo inatoa vitu vinavyousaidia ubongo kujifunza kuitaka pombe, na hapo kwenye kujifunza ndo lilipo jibu la maswali yako yote, kuanzia usukani kukata kona mpaka hiyo Iddi mosi.

Twende taratibu. Chupa moja ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe yenyewe. Ini la mtu mzima linavunja kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa, kuna wanaozidi na wanaopungua, kwa hiyo chupa moja tu ni kazi ya masaa mawili mpaka matatu, na hakuna cha supu wala kahawa wala kuoga maji baridi kitakachoharakisha. Sasa piga hesabu ya hizo sita zako, hapo pombe kali sijaiweka. Ukianza saa kumi na mbili jioni unaweza kufika saa tano asubuhi ya kesho yake ini bado liko kazini, na wewe saa kumi na moja alfajiri uko ufukweni unapakua barafu. Mnazi nao usiudharau, ule wa asubuhi mgema anaposhuka nao ni mtamu kweli lakini hauachi kuchacha, unaendelea kuchacha humo humo kwenye chombo kadiri jua linavyopanda, ndo maana kikombe kile kile cha saa mbili asubuhi na cha saa kumi jioni haviko sawa kabisa na mtu anahesabu vikombe anadhani amekunywa sawa na jana.

Ini likiipata pombe halirukii kuigeuza maji. Kuna kituo cha kwanza, kimeng'enya, yaani protini ya mwili inayogeuza kitu kuwa kitu kingine, kinaigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, na hii ni sumu hasa, ni kali kuliko pombe yenyewe mara nyingi. Alafu kimeng'enya kingine kinaigeuza hiyo asetaldehaidi kuwa asetati, ambayo ni ndugu wa siki unayotia kwenye kachumbari, na asetati ndo inatembea kwenye damu mpaka kwenye misuli, moyo na ubongo inachomwa kama mafuta, mwisho inabaki maji na hewa ukaa. Watu wengi wanadhani kitu cha kuangalia ni pombe peke yake, kumbe vitu vyote vitatu vina mkono wake kichwani mwako na kila kimoja kinafanya la kwake.

Asetaldehaidi ina tabia ya ajabu ambayo mimi naona ndo sehemu tamu kuliko zote kwenye habari hii. Ikiwa kwenye damu inakuadhibu. Ikiwa ndani ya ubongo inakuzawadia. Chukua watu wa Japani, China na Korea, wengi wao wamezaliwa na kile kimeng'enya cha pili kikiwa kidhaifu, akinywa glasi moja tu uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma, kichefuchefu, kwa sababu asetaldehaidi inajaa kwenye damu haina wa kuiondoa. Na wale waliorithi udhaifu huo kwa baba na kwa mama wote wawili karibu hakuna anayekuwa mlevi wa kupindukia, mwili unamfukuza mwenyewe. Sisi huku Afrika huo urithi ni nadra sana. Kuna dawa imetengenezwa kwa njia hiyo hiyo, inaitwa disulfiramu, Wadenmaki wawili Erik Jacobsen na Jens Hald waligundua miaka ya 1940 kwamba ukiwa umeimeza alafu ukanywa pombe unaumwa vibaya mno, nayo inafanya hivyo kwa kukizima kile kimeng'enya cha pili.

Naomba hapa nisimame kidogo maana hili linanichoma roho. Kuna watu, hasa akina mama waliochoka na waume zao, wanatafuta dawa ya kumwekea mtu kwenye chai bila yeye kujua ili pombe imkatae. Msifanye hivyo jamani, nawaomba. Mtu mwenye disulfiramu mwilini akinywa pombe nyingi presha inaweza kushuka ghafla, moyo ukaenda ovyo, na anaweza kufa, na dawa hiyo inaweza kukaa na nguvu yake mwilini mpaka wiki mbili baada ya kuacha kuimeza. Inatolewa kwa mtu anayejua, aliyekubali, aliyepimwa ini na moyo.

Sasa turudi kichwani. Ini likiwa zima asetaldehaidi inayotoroka kwenda kwenye damu ni kidogo, na hiyo kidogo ikifika kwenye kuta za mishipa ya ubongo inakutana na kimeng'enya kinachoivunja pale pale mlangoni, kwa hiyo ya kwenye ini kuingia ubongoni ni shida. Pombe yenyewe ndo inapita bila kuulizwa, ni kitu kidogo sana kinachoyeyuka kwenye maji na kwenye mafuta. Ikishaingia inakuta katalasi, kimeng'enya kinachofanya kazi nyingine kabisa za seli, na katalasi inaigeuza pombe kuwa asetaldehaidi humo humo ndani. Yaani ubongo unaitengeneza wenyewe, na ikiwa imeshatengenezwa ndani ule mlinzi wa mlangoni hana kazi nayo.

Kuna sehemu ndogo katikati ya ubongo, kwa chini, wataalamu wanaiita VTA, ina seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo zinapashana nayo habari, na kuituma mbele kwenye sehemu nyingine inayoitwa nyukliasi akambensi. Njia hiyo ndo inayoshughulika na mambo ya zawadi, chakula, tendo la ndoa, kusifiwa na watu, kupata hela. Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner kule Montreal, Kanada, walimwekea panya waya kwenye ubongo ili akibonyeza kitufe apate umeme kidogo sehemu fulani, na panya wakawa wanabonyeza mfululizo hawataki kuacha, ndo watu wakaanza kuelewa kwamba kuna njia maalum mle ndani. Sasa panya wakipewa nafasi ya kujidunga asetaldehaidi moja kwa moja kwenye VTA wanajidunga, na wanatosheka na kiasi kidogo sana ukilinganisha na pombe yenyewe.

Alafu kuna kazi iliyofanywa Chile ambayo kila nikiieleza kwa wagonjwa naona macho yanafunguka. Kule wana ukoo wa panya waliochaguliwa kizazi kwa kizazi kwa kupenda pombe, ukiwawekea maji na pombe wanakwenda kwenye pombe. Watafiti wakaizima katalasi kwenye VTA ya panya ambao hawajawahi kuonja, kwa kutumia kirusi kilichotengenezwa maalum, kisha wakawawekea pombe. Unywaji ukashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Pombe ile ile, panya wa ukoo ule ule, ila ubongo ulikuwa hauwezi kutengeneza asetaldehaidi ya kutosha pale kwenye VTA, na ule utamu ukawa haupo. Lakini sikiliza hapa mdogo wangu, walipofanya hivyo hivyo kwa panya ambao tayari walikuwa wameshakunywa kwa miezi, haikuwazuia tena. Panya walioshazoea waliendelea kunywa.

Hilo ndo jibu la swali lako la kwanza kabisa, lile la raha kupotea na hamu kubaki. Kinachomwanzisha mtu na kinachomuendeleza ni vitu viwili tofauti. Mwanzoni unafuata utamu. Baadaye ubongo umeshajifunza, na likishaingia somo halihitaji tena utamu ili likusukume.

Nimalize habari ya unga kwanza. Hiyo habari ya jamaa yako ina mzizi mwaka 1970, ambapo Virginia Davis na Michael Walsh wa Marekani waliandika kwamba pombe inapovunjwa inaweza kuifanya dopamini ijigeuze kuwa kitu cha jamii ya vile vinavyopatikana kwenye mmea unaotoa mofini, na mofini ndo mama wa heroini. Habari ikasambaa kwenye vikundi vya watu wanaoacha pombe dunia nzima, na naelewa kwa nini, inampa mtu sababu ya kueleweka ya kwa nini ameshindwa na inamwondolea lawama. Kitu hicho chenyewe hakikuja kuonekana kwa kiasi cha kutosha kueleza ulevi. Ila kuna ndugu yake, salsolinoli, ambayo inatokea asetaldehaidi ikikutana na dopamini, na hiyo panya wanajidunga kwenye VTA kama wanavyofanya na asetaldehaidi, na inaonekana inapitia kwenye vipokezi vya aina ya mofini. Tabu yake kuipima kwa binadamu ni kwamba salsolinoli ipo hata kwenye ndizi mbivu na kwenye kakao, kwa hiyo mtu aliyekula ndizi ukimpima damu utaiona na hajanywa chochote. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia kwa uhakika kabisa kwamba salsolinoli ndo ulevi wenyewe, jua kavuka mpaka.

Lililo imara zaidi ni hili: ubongo una mofini yake wenyewe, inaitwa endofini, na pombe inaifanya itoke. Mwaka 2012 watafiti wa California waliwapima watu kwa skani baada ya kuwapa kinywaji wakaona endofini inatoka kwenye nyukliasi akambensi na sehemu ya mbele ya ubongo juu ya macho. Kwa hiyo hakuna unga unaotengenezwa, kuna funguo za nyumbani zinazofungua mlango ule ule. Na ndo maana dawa inayoitwa naltreksoni, inayoziba vipokezi hivyo, iliruhusiwa Marekani mwaka 1984 kwa watu wa heroini, na ilipofika 1994 ikaruhusiwa kwa watu wa pombe pia. Ukiwa umeimeza na ukanywa, pombe inapoteza ile ladha ya "ongeza moja", haikuumizi kama disulfiramu, inakupunguzia tu msukumo, na wengi wanajikuta wanaishia katikati. Siyo kila mtu inamsaidia lakini inasaidia watu wa kutosha kiasi kwamba inaniuma kuona wengi hata jina lake hawajalisikia. Tahadhari moja kubwa kwa hapa Tanga ambako unga upo: mtu anayetumia heroini, anayekunywa methadoni au anayemeza tramado asiiguse naltreksoni bila daktari kujua, atapata arosto ya ghafla na kali mno.

Haya, sasa ile minazi. Miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alikuwa anapima seli za dopamini kwa nyani wadogo wanaopewa juisi. Mwanzoni juisi ikidondoka mdomoni seli zinalipuka. Baada ya siku kadhaa za kuwasha taa kabla ya juisi, seli zikahamisha mlipuko, zinalipuka taa ikiwaka, na juisi yenyewe ikija zinakaa kimya. Umeona? Dopamini ilishahama kutoka kwenye kinywaji ikaenda kwenye dalili ya kinywaji. Sasa wewe unatoka Deep Sea na nguo zinanuka samaki, jua linashuka, mikono ina ganzi ya barafu, mfukoni kuna hela ya siku, unaingia kile kipande cha njia ya mchanga, unaona vile viti vya plastiki na ndoo iliyofunikwa kitambaa, unasikia kicheko cha jamaa unaemjua. Dopamini yako inalipuka pale kwenye mchanga, kabla hujashuka kwenye baiskeli. Mate hayo ndo hiyo. Unapofika kwenye kikombe shughuli kubwa ya ubongo imeshaisha, ndo maana unakunywa na huoni kitu. Terry Robinson na Kent Berridge waliandika mwaka 1993 kwamba kukitaka kitu na kukipenda kitu ni mitambo miwili tofauti kichwani, na kwa mtu wa kilevi ule wa kutaka unazidi kuwa mkali wakati ule wa kupenda uko pale pale au umeshapungua. Kwa hiyo unaposema "sifurahii lakini nataka" hujachanganyikiwa wala hujalogwa, umeeleza kwa usahihi kabisa kinachotokea.

Na hapa asetati inaingia, ile ndugu wa siki ambayo zamani wote tuliiona takataka tu. Mwaka 2019 watafiti wa Pennsylvania walionyesha kwa panya kwamba asetati inayotoka kwenye ini baada ya pombe inafika ubongoni kwenye sehemu ya kumbukumbu na inakwenda kubandikwa kwenye zile protini zinazoshikilia jeni, jeni za kujifunza zinafunguka zaidi. Panya wa kawaida walijifunza haraka kupenda chumba walichopewa pombe. Panya waliozimiwa kimeng'enya kinachoitumia hiyo asetati hawakujifunza kukipenda. Yaani kinywaji kinapovunjwa, mabaki yake yanasaidia kuandika mahali, harufu na saa uliponywea. Kwa binadamu bado kuna kazi ya kufanya kwenye hili lakini mimi nikiangalia wagonjwa wangu, wanavyokumbuka kona ya mtaa na rangi ya mlango wa grosari kuliko ladha ya bia yenyewe, naona inakaa mahali pake.

Ramadhani sasa. Mwezi mzima hujagusa, Mwenyezi Mungu akubariki kwa hilo, na inaonyesha una nguvu ambayo mwenyewe huihesabu. Lakini angalia kilichotokea mwezi ule: mchana kuna saumu, jioni kuna futari na tarawehe, wale jamaa nao wengi hawapo pale, saa yako ya kutoka kazini inaishia nyumbani kwenye uji na tende. Dalili zote zimehamishwa na mji mzima, siyo wewe peke yako. Somo la minazi halikufutwa, halikuitwa tu. Iddi mosi dalili zote zinarudi kwa mkupuo, tena na nguo mpya na hela mfukoni. Na kwa wanyama jambo hili linajulikana tangu miaka ya 1960, panya aliyezoea pombe ukamnyima kwa wiki kadhaa alafu ukamrudishia, siku za mwanzo anakunywa kuliko alivyokuwa anakunywa kabla. Kwako kuna la hatari zaidi, ustahimilivu wako umeshuka mwezi ule ila kichwa kinakumbuka hesabu ya zamani ya sita na kali juu, kwa hiyo kiasi kile kile kinakupiga zaidi, na wewe uko na baiskeli barabarani usiku.

Kuhusu kuhitaji nyingi zaidi: pombe inaongeza nguvu ya gaba, ambayo inatuliza ubongo, na inaibana glutameti ambayo inauamsha. Ukinywa kila siku ubongo unasukuma upande wa pili ili ubaki wima. Wewe mtu wa bahari utanielewa, upepo ukiwa mkali mnakaa wote upande unaotoka upepo kuizuia ngalawa isilale, sasa upepo ukikatika ghafla na nyie mmekaa vile vile, mnaangukia upande wenu wenyewe. Ndo kutetemeka mikono asubuhi, jasho, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, hasira. Kwa aliyekunywa sana kila siku, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo baada ya kuacha, na kati ya siku ya pili na ya nne kuna wengine wanachanganyikiwa, wanaona watu na wadudu ambao hawapo, homa inapanda, na hii inaua. Watu wanasema kapandisha jini, wanamfungia ndani wanamsomea. Kisomo sikukatazi, ila msomeeni njiani mnakwenda hospitali.

Kwa hiyo ule mtindo wa kunywa mpaka usiku wa mwandamo wa mwezi alafu kesho yake funga na kiu na njaa juu yake, kwa mtu wa kiwango chako ni hatari kweli. Wiki mbili tatu kabla nenda kamuone daktari. Hapa mjini kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo ni pa kuanzia. Kuna dawa za jamii ya dayazepamu zinazotolewa kwa siku chache na kupunguzwa taratibu, zinashika pale pale kwenye gaba ili usianguke, na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi imewaishia na ikikosekana inaharibu kumbukumbu moja kwa moja. Usinunue dayazepamu dukani ukajitibu, ukiichanganya na pombe pumzi inaweza kukata usingizini. Na gongo usiiguse hata ukikosa hela ya bia, kwa sababu ikiwa na methanoli, aina ya pombe yenye sumu, vimeng'enya vile vile nilivyokueleza vinaigeuza kuwa tindikali inayoua mshipa wa macho, mtu anaamka haoni.

Ile raha itarudi? Ndiyo, kwa wengi inarudi, ila inachelewa na inakuja kwa mlango mwingine. Mtu anayekunywa sana kwa miaka vipokezi vya dopamini vinapungua na homoni za msongo zinakuwa juu, kwa hiyo wiki za mwanzo kila kitu kinakuwa hakina ladha, mpira hauna ladha, mtoto wako akicheka unaona kelele, na mtu anafikia uamuzi kwamba maisha bila pombe ndo haya. Nataka ulijue hili mapema ili likija usiliamini. Usingizi unasumbua kwa wiki kadhaa, kwa wengine hata miezi, chakula nacho kinarudi na ladha yake, alafu raha ya kukaa na watu inakuja polepole kwa miezi. Stimu ya bia mbili ya ujana ile sikuahidi, ubongo ulioifurahia ulikuwa haujafundishwa, na anayeitafuta tena huwa anarudi kwenye sita.

La kufanya kesho yenyewe ni dogo. Badilisha njia. Nasema kweli, kama dopamini inalipuka kwenye ule mchanga basi usipite kwenye ule mchanga, hata kama njia nyingine ni ndefu, zunguka na barabara ya lami, na ubadilishe na saa, kula kitu kizito Deep Sea kabla hujapanda baiskeli maana njaa na uchovu vinaikuza ile hamu mara dufu. Hamu yenyewe ikikushika jua kwamba inapanda alafu inashuka, mara nyingi nusu saa haifiki, haikai usiku kucha kama inavyokudanganya ikiwa juu. Hela ya siku mpe mama watoto au itume kwenye simu kwa mtu unaemuamini kabla hujatoka kazini. Na huyo jamaa wa soba hausi usimuache, habari yake ya kemia ina kasoro lakini yeye ni mtu aliyepita njia hiyo, jioni ya saa kumi na mbili mtu kama huyo pembeni yako anafanya kazi ambayo kidonge changu hakifanyi.

Kabla hujaacha chochote nijibu haya. Asubuhi kabla hujanywa mikono inatetemeka? Umewahi kuanguka kifafa au kuona vitu siku ulizoacha? Kuna dawa yoyote unameza, hasa tramado au dawa za usingizi? Macho yana unjano au tumbo linajaa? Kama umeshawahi kuanguka au kuona vitu usisubiri jibu langu wala usiache peke yako nyumbani, mchukue ndugu mmoja mwende Bombo, na umwambie daktari hesabu ya kweli ya unachokunywa kwa siku, usipunguze, kwa sababu kiasi cha dawa atakachokupa kinategemea hiyo hesabu.